MUHOGO MCHUNGU, KISAMVU CHA MPIRA NA MNANAHA
Maelezo ya Katibu kwa wanachama wanaopeleka mzigo Kariakoo

(Yametolewa kwenye mkutano wa ushirika. Yamenakiliwa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wanakisomo wetu wa jioni nao wapate cha kusoma.)



Tumewaita kwa jambo moja tu, nalo ni sumu. Siyo sumu ya kutiliana, wala dawa ya kupulizia mikorosho, hiyo tuliimaliza mkutano uliopita. Leo tunasema juu ya sumu inayoota yenyewe ardhini, ambayo mtu huichuma au huichimba kwa mkono wake mwenyewe, akaipika vizuri, akawapakulia watoto, akidhani ni mboga au ni kiazi.

Mnajua wote habari ya kile kiroba. Masika iliyopita dalali alitupigia simu kutoka Kariakoo kwamba kijana mmoja muuza muhogo mbichi amerudisha kiroba kizima. Alimenya mmoja, akaonja, akatema. Mchungu kama mwarobaini. Bahati yetu kijana yule ana desturi ya kuonja. Gari lilikuwa limepakia mzigo wa vijiji vitatu na viroba havikuwa na alama, kwa hiyo mpaka leo hakuna ajuaye ulitoka kwa nani. Hatukuja hapa kumtafuta mtu. Tumekuja kujiuliza: je, kama asingeonja?

Maana hapa kijijini sisi kwa sisi tunajuana na mihogo yetu pia tunaijua. Mtu akipita shamba la jirani anaona: mistari hii mitamu, ule wa mpakani ni mchungu, umewekwa kwa ajili ya nguruwe na ngedere. Hata mtoto wa darasa la pili anajua asing'oe pale. Lakini muhogo ukishapanda gari usiku ukashuka Kariakoo alfajiri, habari zake zote zimebaki huku. Dalali anampa wa jumla, wa jumla anampa wa rejareja, mwenye mkokoteni anasukuma mpaka Mtaa wa Kongo au Msimbazi, kijana anaweka kwenye sinia anatembeza. Mlaji ni kuli wa bandarini, au dereva, au mpiga debe, ananunua muhogo mbichi na kipande cha nazi na karanga, anatafuna amesimama. Huyo hakuuliza shamba, na angeuliza nani angemjibu? Muhogo wenyewe hausemi.

Ndiyo sababu tunasema jambo hili linatuhusu sisi wa shamba kuliko watu wa mjini. Ujuzi wa mmea uko kwetu. Tukiupeleka mmea bila ujuzi wake tumepeleka nusu ya mzigo.

Sasa tueleze sumu yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu wengi tunasema tu "mchungu, mchungu" lakini hatujui ni kitu gani. Ndani ya muhogo kuna kitu ambacho kikikaa peke yake kimetulia. Muhogo ukikatwa, ukitwangwa au ukitafunwa, kinakutana na kimeng'enya kilichomo humohumo, hapo inatoka sumu inayoitwa sayanidi. Sumu hii ni hewa, huruka ikipewa nafasi. Ndiyo maana bibi zetu walimenya, wakaloweka siku tatu au zaidi mpaka muhogo ukalainika, au wakauvundika, kisha wakaanika makopa. Walikuwa wanaitoa ile hewa bila kuijua jina lake.

Na hapa kuna kosa ambalo watu hulifanya. Wanadhani moto unamaliza kila kitu. Muhogo mchungu ukichemshwa vipande vizima, moto unaua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi yake, na kile kitu kilichotulia kinabaki ndani ya muhogo. Unakula, kinaenda kufanya kazi tumboni. Kwa hiyo muhogo mchungu hauwi mtamu kwa kuchemshwa. Wala kwa kukaangwa. Wala kwa pilipili na ndimu, jamani.

Jambo jingine ni ukame. Mwaka wa jua kali sumu huongezeka, hata ule tunaouita mtamu unaweza kuchungua. Mkulima anayesema "huu wangu miaka yote mtamu" asiape mwaka wa ukame.

Haya hayakutungwa ili kuwatisha. Mwaka 1985 kule Tarime, mkoa wa Mara, mvua zilikosekana, watu wakabaki na muhogo mchungu peke yake, wakaharakisha kuutengeneza kwa kuwa njaa haingoji. Watu zaidi ya 100 wakapooza miguu. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena mpaka kufa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Waliopata zaidi walikuwa watoto na akina mama. Mwaka 1988 huko Masasi nako watu walizunguzwa na kutapika baada ya kula ugali. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, hiyo yenye ofisi Dar es Salaam, walikwenda wakachunguza, wakakuta kuna njia ya mkato inaitwa chinyanya: muhogo unatwangwa ungali mbichi, unaanikwa kidogo juani, unatwangwa tena, unapikwa haraka. Njia ya siku nyingi imefanywa ya siku moja au mbili. Sumu haikupata muda wa kutoka.

Tena siyo zamani tu. Septemba 2017 wilayani Kasese, Uganda, watu walikusanyika msibani wakapikiwa ugali wa muhogo. Wagonjwa walifika 98, wawili wakafa. Unga ulipopimwa ulikutwa na sumu sehemu 88 katika milioni, na kiwango kinachokubaliwa duniani ni 10. Unga ule ulinunuliwa dukani kama unga mwingine wowote. Mpishi hakuwa na kosa, wala mfiwa. Sisi tulipoisoma habari hii tulikumbuka viroba vyetu vya unga vinavyokwenda Kariakoo.

Kwa wenye unga ambao hawauamini kuna njia nyepesi, imejaribiwa sehemu nyingi za Afrika. Changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze mwembamba juu ya mkeka au sinia, usizidi unene wa kidole kidogo, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu songa ugali siku hiyohiyo. Ile hewa inaondoka na sehemu kubwa ya sumu. Njia hii inaongezea tu pale penye wasiwasi, haichukui nafasi ya kuloweka au kuvundika.

Tuje kwenye mpira. Akina mama mnaupenda huu, na watu wa mjini ndio usiseme. Kisamvu cha mpira kinaliwa Dar es Salaam nzima, mti wenyewe umepandwa kwenye nyua za nyumba mpaka Ilala na Temeke. Majani yake ni mboga halali kabisa yakitwangwa na kuchemshwa sana. Lakini tunarudia na mtusikie: mzizi wake ni sumu. Hauliwi kwa njia yoyote tuliyonayo hapa kijijini.

Huu mti siyo wa kwetu. Asili yake ni Brazili, Wajerumani wakaupanda mashamba makubwa kwa ajili ya utomvu wa mpira, na bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yakaachwa, miti ikajiotea mpaka porini. Ni ndugu wa damu wa muhogo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, kule Tanga, waliupandisha na muhogo ili wapate mbegu isiyoshikwa na batobato, wakafaulu. Kwa hiyo mseto huo unawezekana, na shambani unaweza kuota wenyewe kwa mbegu: unaona kijiti kama muhogo, majani kama muhogo, shina limenenepa kidogo kuliko kawaida. Vijana, mkikuta mti wa namna hiyo mpakani ambao hakuna aliyeupanda, msichimbe kuona kuna nini chini. Wenye njaa ndio huchimba. Ndiyo maana tunasema mapema, kabla ya njaa.

Na majani yake tuyatwange kwanza ndipo tuchemshe, siyo kuchemsha kwanza ndipo tutwange kwa sababu kinu kimeazimwa. Mnaona sababu ni ileile ya kimeng'enya. Sufuria iachwe wazi mwanzoni, moshi wake utoke.

Halafu mnanaha, wengine huuita mranaha. Huu tunao mwingi, hapo nyuma ya zizi na pale jalalani. Majani mapana yenye pembe pembeni, ua kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, tunda la mviringo lenye miiba, likipasuka lina mbegu ndogo nyingi sana. Ukikua kila mtu anaujua. Hatari yake ni ukiwa mchanga, haujatoa ua, unaota katikati ya tuta la mchicha au mnavu kwa sababu unapenda samadi kama mchicha unavyopenda. Mchumaji amechoka, jua linazama, gari linapiga honi, anakata fungu zima kwa kisu. Majani mawili matatu ya mnanaha yamo ndani ya fungu.

Nusa. Jani la mnanaha ukilifikicha linanuka vibaya, mchicha haunuki hivyo. Hiyo ndiyo njia tunayoweza kumwachia hata mtoto.

Mbegu zake ndizo mbaya zaidi, huingia katika nafaka wakati wa kuvuna. Machi 2019 huko Karamoja, Uganda, katika wilaya za Amudat na Napak, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa msaada uliotolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Ulipopimwa ulikutwa na sumu ya magugu ya jamii ya mnanaha iliyoingia pamoja na mazao. Fikirini: uji wa kuwanusuru watoto na akina mama wanyonyeshao, umetoka ng'ambo ndani ya mifuko iliyoshonwa vizuri, na gugu la jalalani limo ndani. Na kwetu Tanzania, hospitali ya Usangi, milima ya Upare, iliwahi kupokea watu wengi kwa pamoja waliokula chakula chenye mnanaha, daktari akaandika habari zake mwaka 1991.

Aliyekula mnanaha hafanani na mgonjwa wa tumbo. Mdomo unakauka, uso unakuwa mwekundu na moto, mboni za macho zinapanuka, haoni karibu, mkojo hautoki. Kisha anaanza kusema ovyo, anashika vitu hewani ambavyo havipo, anawaita watu waliokufa. Sasa sisi watu wa pwani tukiona hivyo tunasema nini? Tunasema mashetani yamempanda. Tunatafuta ubani na mganga. Saa zinakwenda. Hatubishani na mtu juu ya imani yake, tunachoomba ni kwamba mtu akianza hali hiyo ghafla, hasa kama wa nyumba moja wawili au watatu wamekula chungu kimoja, zahanati iwe ya kwanza na mganga angoje.

Mengine tuyapitie kwa haraka. Viazi vya porini: ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wana ming'oko yao, wanachemsha wanakula, salama. Lakini kuna kile kiazi cha porini ambacho wazee wanakiita ndiga, kilikuwa chakula cha mwaka wa njaa, na hakikuliwa mpaka kimekatwa vipande vyembamba na kukaa majini siku kadhaa. Mwenye kukijua vizuri ni mzee, kijana asijaribu kwa kusikia. Na ule mmea wenye ua la mwali wa moto, jekundu na njano, unaotambaa kwenye vichaka, mizizi yake inafanana na viazi na inaua.

Uyoga wa kwenye kichuguu tunaujua na tunauchuma kila masika. Mjini sasa watu wanaona uyoga mkubwa mweupe umeota kwenye viwanja vya nyasi baada ya mvua, wanadhani ni uleule. Upo mmoja ambao vikunjo vya chini ya kofia yake vinageuka kijani ukikomaa, huo unatapisha na kuharisha vibaya. Na upo mwingine mbaya kuliko huo, mtu anakula leo usiku, anaugua kesho, anapata nafuu, anafurahi, kumbe ini linakufa. Yale maneno kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au uchemshe na sarafu uone kama itakuwa nyeusi, ni maneno ya bure. Katika mkutano kulikuwa na mzee aliyetetea sarafu. Tulimheshimu lakini hatukumkubalia.

Watoto na mbono kaburi. Mbegu yake ni tamu, inafanana na karanga, na ua wa shule umezungushiwa mbono huo. Mbegu chache tu zinamtapisha mtoto na kumharisha mpaka akaishiwa maji. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo wasichana hutunga shanga, zikitafunwa ni sumu kali. Mmeona basi kwamba kuonja siyo dawa ya kila kitu. Kwenye muhogo kuonja kipande kidogo na kutema kunasaidia, ingawa siyo kipimo cha uhakika. Kwenye mbono utamu ndio mtego. Kwenye uyoga wa kuua hakuna uchungu wowote wa kukuonya.

Ikiwa limetokea, tusikae kubishana. Mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali mara moja, na mtu mmoja achukue kilichobaki chunguni pamoja na jani, mzizi au uyoga wenyewe. Daktari akiuona mmea anapata pa kuanzia. Msimlazimishe kutapika. Msimnyweshe maziwa, wala maji ya majivu, wala mafuta ya taa, hayo mafuta yakiingia mapafuni yanaua yenyewe. Akiwa hana fahamu alazwe kwa ubavu, asipewe kitu mdomoni. Waliokula naye waende pia, hata kama wanajiona wazima. Hospitali zina dawa za baadhi ya sumu hizi, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana kitengo kinachoshughulikia sumu, lakini dawa haimfuati mtu chumbani.

Sasa tuje kwenye lile lililoleta maneno mengi. Wajumbe walileta pendekezo kwamba muhogo mchungu usipandwe kabisa katika kijiji. Mama mmoja alisimama akasema: "Mwaka ule mvua zilipokatika, mitamu yote ililiwa na nguruwe na iliyobaki ikaibwa. Mchungu ndio uliowalea wanangu. Leo mnataka niung'oe kwa sababu ya mtu wa Kariakoo?" Watu wakampigia makofi, na sisi tunasema alistahili. Muhogo mchungu unazaa, unakaa ardhini muda mrefu, mwizi hauchukui. Kuukataza ni kuikaribisha njaa, na tumekwisha kuona pale Tarime kwamba njaa ndiyo inayowafanya watu waukimbilie vibaya.

Kwa hiyo baada ya kubishana mpaka taa ikawashwa, mkutano ulikubaliana hivi. Mchungu utapandwa, lakini kwenye kipande chake, siyo mstari ndani ya mtamu. Mchungu hautatoka kijijini ukiwa mbichi kwa bei yoyote ile, hata dalali akilia. Utatoka ukiwa makopa au unga uliolowekwa au kuvundikwa, na ghala la ushirika litauliza ni siku ngapi. Kila kiroba kitakuwa na alama ya mwenye shamba kwa rangi, ili siku nyingine kikirudi tujue kimetoka wapi. Mafungu ya mboga yafungwe kila aina peke yake: kisamvu cha mpira mbali, kisamvu cha muhogo mbali, mchicha, mnavu na mchunga mbali. Fungu la mchanganyiko halipandi gari. Uyoga wa kuokota haupelekwi sokoni na ushirika.

Pendekezo la faini tuliliahirisha, maana wengine walisema shilingi elfu tano na wengine wakasema mtu anyimwe zamu ya gari. Litajadiliwa mkutano ujao.

Jumamosi asubuhi tutaanza kupita shamba kwa shamba, upande wa mtoni kwanza, kufunga vitambaa vyekundu kwenye vipande vya muhogo mchungu na kung'oa mnanaha wa jalalani kabla haujapasua matunda. Mje na majembe na magunia ya kuzolea, na anayeung'oa anawe mikono kabla ya kugusa macho. Matawi ya mimea yote tuliyoitaja yamefungwa chini ya ubao huu na majina yake yameandikwa. Tunaomba wenye mbuzi wawafunge mpaka Jumamosi ipite.